Doa Jekundu Chini ya Gari

Dada yangu aliachiwa gari na mume aliyemkimbia. Shemeji alipohamia kwa mwanamke mwingine alibeba redio, akabeba hata mazulia madogo ya miguuni, lakini gari lenyewe akaliacha uani, na anayemjua shemeji ataelewa mara moja kwamba gari hilo halikuwa la maana. Lilikuwa la kijivu, refu nyuma, lenye umri wa miaka ishirini na sita, na rangi imebanduka juu ya paa lote. Dada alilipenda. Mimi nililivumilia.

Mtaani walimwita Mama Mikate, jina ambalo kwa haki ni langu, maana mikate naoka mimi. Nimelalamika miaka tisa, hakuna anayenisikiliza. Tuliishi wawili katika nyumba aliyotuachia mama, tanuri likiwa uani chini ya bati, na kazi tuligawana hivi: mimi unga, yeye barabara. Saa kumi na mbili asubuhi trei zilikuwa zimepoa kiasi cha kushikika. Alizibeba nne kwa mpigo, akazipanga nyuma ya gari palipolazwa viti, akaanza mzunguko wake wa maduka ishirini na mawili, shule mbili na kantini ya hospitali. Alijua nani hapendi mkate ulioungua juu, nani anaumwa meno, mtoto wa nani amefeli. Watu walimmwagia siri zao dirishani huku wakipokea mikate. Mimi watu wananichosha, ndiyo maana nilichagua tanuri.

Asubuhi moja alirudi, akaweka funguo mezani, akasema, "Usukani umekuwa mzito."

"Mzito vipi?"

"Mzito tu. Kwenye kona inabidi niuvute kwa mabega."

Nilikuwa napangusa meza ya unga. Niliendelea kupangusa pale pale, mahali pamoja, kwa muda mrefu. Yeye alisimama akinitazama. Wote wawili tulikuwa tunamfikiria mama.

Mama alianza na mikono. Alikuwa na miaka hamsini na mitatu, mwanamke wa kubeba ndoo mbili bila kubadilisha sura, na siku moja akiwa anakamua shuka akasema nguo siku hizi zimekuwa nzito. Akailaumu sabuni. Baadaye akailaumu sufuria, kisha kitana, kisha kijiko. Mikono ilipokwisha kabisa ugonjwa ulihamia miguuni, halafu kooni. Ulichukua miaka miwili na miezi minne, mimi nikimlisha, Dada akimgeuza kitandani, na akili yake ikiwa timamu mpaka siku ya mwisho, akituona tunavyomwona. Daktari alituita kwenye korido akatuambia kwamba ugonjwa wa namna hiyo huweza kutembea katika ukoo. "Huenda ikawa hivyo, huenda isiwe," alisema, akatazama saa yake. Tulirudi nyumbani na hatukuwahi kulizungumza tena.

Sasa Dada alikuwa na miaka hamsini na mmoja. Mimi nilikuwa na arobaini na mitano.

Fundi wetu alikuwa na gereji nyuma ya kiwanda cha matofali. Tulimwita Bwana Kesho, kwa sababu ukimpelekea gari linawaka moto atakwambia ulilete kesho. Tulimpigia simu, tukaweka sauti ya juu ili tumsikie wote.

"Usukani mzito? Hiyo haidroliki imepungua," alisema. "Fungueni boneti, mwangalie kwenye kikopo chake. Ikiwa chini, jazeni. Halafu mniletee kesho niione."

Kwa asiyejua, haidroliki ni mafuta mekundu yanayosukumwa na pampu ili kumsaidia dereva kugeuza matairi. Yakikosekana, dereva anageuza gari zima kwa mikono yake mwenyewe. Kikopo chake kilikuwa kando ya injini, na kifuniko kilikuwa na kijiti cha kupimia chenye mistari miwili, mmoja chini, mmoja juu. Dada alikifuta kijiti kwa kitambaa, akakichovya, akakitoa, tukakisogelea vichwa vikigongana. Mafuta yaliishia mstari wa chini.

"Unaona?" akasema. "Yamepungua."

Sijawahi kulipenda neno kama nilivyolipenda hilo. Nilikwenda dukani mwenyewe, nusu nakimbia, aproni bado kiunoni na unga mpaka kwenye nyusi, nikarudi na chupa. Tulijaza mpaka mstari wa juu. Kesho yake aliporudi kutoka kwenye mzunguko alisema usukani una nafuu, na alasiri tukaona chini ya gari, kwenye sementi, doa jekundu la ukubwa wa kisosi.

Mtu mwingine angekasirika. Sisi tulichuchumaa tukalitazama, na Dada akaanza kucheka mpaka akakaa chini. Gari linavuja. Gari ni bovu. Ni bovu kabisa, limechoka, halifai, na shemeji ni mjinga aliyetuachia uchafu. Siku ile tulimsema shemeji kwa furaha mpaka giza likaingia.

Ikawa ndiyo desturi yetu. Kila asubuhi kabla hajaondoka, injini ikiwa baridi, Dada alifuta kifuniko ili vumbi lisiingie ndani, akatoa kijiti, na kila asubuhi mafuta yalikuwa chini kidogo ya mstari wa juu. Mimi nilishika chupa, nikamimina polepole, yeye akisema "tia, tia, tia, basi." Alasiri doa lilikuwapo. "Hili gari linakunywa," alisema kwa majivuno, kama mtu anayemsifu ng'ombe wake. Wateja wote walipata habari. Kwenye kantini ya hospitali wapishi walimuuliza kwanza gari halijambo, kisha yeye mwenyewe.

Mtaniuliza kwa nini hatukulipeleka kwa fundi. Tulimpigia, akasema kesho. Kesho yake tukawa na kazi. Akapiga yeye, tukamwambia wiki ijayo. Miezi mitano ilipita hivyo, na leo nasema bila kujitetea kwamba hatukutaka litengenezwe. Gari lililotengenezwa lisingekuwa na doa, na siku ambayo hakuna doa tungelaumu nini?

Maana niliona. Dada aliacha kubeba trei nne, akawa anabeba mbili, akasema mikate yangu imekuwa mizito. "Unaweka unga mwingi siku hizi," alinilaumu. Nikamjibu kwa ukali kwamba mizani ni ile ile na mkono ni ule ule, tukagombana asubuhi nzima kuhusu unga, na wote tulijua si unga. Alikata nywele zikabaki fupi, akasema ni joto. Alianza kushika kikombe kwa mikono miwili. Kila nilipoona kitu kama hicho nilitoka uani kwenda kulitazama doa, nikasimama hapo mpaka moyo ukatulia.

Usiku sikulala vizuri. Nilikuwa nainua mikono yangu chini ya shuka, mmoja baada ya mwingine, nikiisikiliza. Mimi nami ni mtoto wa mama yule yule, na nilikuwa naogopa kwa ajili yake mpaka inafika mahali naogopa kwa ajili yangu, halafu naona aibu, halafu naogopa tena.

Siku ya mitihani shule ya chini iliagiza mikate maradufu, nikaenda naye kumsaidia kushusha. Tulitoka hospitali tukiteremka, na pale chini barabara inakata kushoto kwa ghafla kando ya ukuta wa shule. Gari halikuwa na mwendo mkubwa. Dada alianza kukata kona, usukani ukafika nusu ukasimama. Niliona viwiko vyake vinapanda, niliona shingo inajikaza, mdomo unapinda. Usukani haukwenda. Gari likaendelea moja kwa moja kuelekea ukingoni, na ukingoni alisimama mwanamke mwenye mtoto mgongoni.

Dada alikanyaga breki kwa miguu yote miwili. Trei zikateleza mbele, moja ikanigonga kisogoni, mikate ikamwagika mpaka kwenye mapaja yangu. Tulipotulia, mwanamke yule alikuwa ameweka kiganja juu ya boneti, kana kwamba yeye ndiye aliyelisimamisha gari. Mtoto alikuwa amelala. Mwanamke aliinama, akachungulia kiooni.

"Mama Mikate," akasema, "ni wewe?"

Alivuka akaenda zake, na mimi nilitamani sana angetutukana.

"Haidroliki imekwisha," akasema Dada. Sauti yake ilikuwa nyembamba. Tulishuka pale pale barabarani, magari yakitupigia honi, nikafungua boneti mimi. Kikopo kilikuwa kimejaa. Kilikuwa kimejaa kupita mstari wa juu, mafuta yakitoka pembezoni mwa kifuniko, ya moto, yakiteremka ubavuni mwa injini. Tuliona wote wawili. Dada akakifunika kifuniko kwa kitambaa, taratibu, kama mtu anayefunika uso.

"Basi itakuwa pampu," akasema.

"Itakuwa pampu," nikasema.

Nilichukua funguo bila kumuuliza, naye hakubisha, na hilo lilinitisha kuliko kona. Kiti cha dereva kilikuwa mbali mno kwa miguu yangu, nikaendesha nikiwa nimekaa ukingoni, nisijue kama usukani ni mzito au ni mwepesi, kwa kuwa sikutaka kujua. Hatukupitia nyumbani. Tulikwenda moja kwa moja kwa Bwana Kesho, tukaingiza gari katikati ya gereji yake ili asipate nafasi ya kusema lile neno lake.

Alikuwa mtu mwema, mwenye tumbo na kicheko cha karibu. Alifungua boneti, akachungulia, akaanza kucheka.

"Nani anajaza hii?"

"Sisi," nikasema.

"Saa ngapi?"

"Asubuhi. Kabla hajatoka."

"Nyinyi si ndio wa mikate?" Alijifuta mikono, anaifurahia hadithi yake. "Haya, niambieni. Bati la kuokea mnajaza donge mpaka juu?"

"Hapana."

"Kwa nini?"

"Linaumuka," nikasema.

"Na hii ikipata moto inaumuka. Huu mstari wa chini ni wa asubuhi, gari ikiwa baridi. Huu wa juu ni wa gari iliyotoka safari. Nyinyi mnajaza mpaka juu na baridi yake, mama anazunguka na mikate, inachemka, inatapika. Mnaona doa, mnasema inavuja. Asubuhi mnajaza tena."

Kwa miaka tisa nimejaza mabati nusu na kidogo, kila siku ya Mungu, hata nikiwa na homa. Nilisimama pale mbele ya mtu anayenifundisha kazi yangu, na hata kuona aibu sikuweza.

"Kwa hiyo haivuji," Dada akasema.

"Hata tone, mama."

Alileta bomba la sindano, akavuta mafuta yaliyozidi, akayatia kwenye kopo. Alilala chini ya gari na tochi, akapapasa mipira na maungio yake, akatoka na vidole vikavu akatuonyesha. Akabonyeza mkanda wa pampu. Akawasha injini, akatega sikio kwenye pampu, akatuita nasi tusikilize jinsi isivyolia. Mwishowe aliingia ndani, akaweka kiganja kimoja juu ya usukani, akauzungusha kushoto mpaka mwisho, akaurudisha kulia mpaka mwisho, huku anatutazama sisi.

"Nyepesi kabisa. Gari nzima hii, hamna ugonjwa," alisema. Alingoja tufurahi. Alimtazama mmoja wetu, akamtazama mwingine. "Sasa mbona hivyo? Nimewaambia gari nzima."

"Badilisha pampu," Dada akasema.

"Pampu nzima, mama."

"Sijakuuliza kama nzima. Badilisha."

Kicheko kilimtoka usoni. Akanigeukia mimi, na nilijua kwamba nikisema neno moja atafungua pampu nzima na kuweka nyingine, na sisi tutarudi nyumbani na mwezi mwingine mkononi, pengine miwili, tukingoja pampu mpya izoee. Nilitaka hivyo. Nilikuwa nimeshafungua mdomo niseme, "Mbadilishie tu."

Dada alinitangulia. Alifungua mlango wa dereva, fundi akashuka. "Ingia wewe," akaniambia.

Nikaingia.

"Zungusha."

Nilishika usukani. Nilikuwa naomba, sijui naomba nini, naomba uwe mzito. Ukazunguka. Ulizunguka wenyewe, nikiusukuma kwa vidole, na matairi yakakwaruza sementi yakigeuka.

"Mzito kidogo," nikasema.

"Usinidanganye. Zungusha tena. Kushoto mpaka mwisho."

Nikazungusha.

"Kulia."

Nikazungusha. Nilikuwa nalia sasa, pua inachuruzika, nikiogopa kumtazama. Nilipomtazama nikaona kwamba hautazami usukani hata kidogo. Alikuwa anaitazama mikono yangu, kuanzia begani mpaka kwenye kucha, kwa namna alivyokuwa akimtazama mama alipokuwa anajaribu kuinua kijiko.

"Vua sweta," akasema.

"Dada, hapa gereji."

"Vua."

Nikavua. Aliingiza mikono yake dirishani, ile mikono iliyochoka, akanishika juu ya kiwiko, akabinya. Akateremka mpaka kwenye kifundo. Akashika vidole kimoja kimoja, akavikunja, akavikunjua. Bwana Kesho alikuwa amekwenda kusimama mbali, kwenye mlango wa geti, ametupa mgongo.

"Huchoki ukikanda unga?"

"Sichoki."

"Vidole havikufi ganzi asubuhi?"

"Hapana."

"Vikombe havikuponyoki? Hunifichi kama nilivyokuficha mimi?"

"Sikufichi, Dada. Mizima. Naapa mikono yangu mizima."

Alinishika bado kwa muda, akinisoma usoni. Kisha akaniachia, akapumua kwa nguvu, na uso wake ukalegea wote, ukawa uso wa miaka mingi nyuma, kabla hata ya shemeji.

"Basi ni mimi peke yangu," akasema. "Mungu asante."

Nimeogopa mambo mengi katika maisha yangu, mengi yao ya kijinga. Lakini sijawahi kuogopa kitu kama nilivyoiogopa furaha ile ya dada yangu, nikijua inatokana na nini, na nikijua kwamba siwezi kumwahidi itadumu. Alizunguka mbele ya gari, akishika boneti, akaja akakaa upande wa abiria, akaokota mkate uliokuwa kitini akaufuta vumbi.

"Twende kwa daktari leo," akasema. "Njiani tuwape shule mikate yao, wanangoja."

Nikasogeza kiti mbele, nikawasha gari.